Hewa Safi Katika Bomba: Namna ya Kuchagua Machujio ya Kompresa

Hutokea mara kwa mara katika karakana za kupaka magari rangi kwamba fundi humaliza kazi yake jioni, na rangi inang'aa vizuri. Lakini kesho yake mwenye gari ajapo kulichukua, huona mlango mzima umejaa vidoa vidogo vya mviringo, mfano wa macho ya samaki. Hapo huanza ugomvi. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza rangi, na muuza rangi husema kwamba rangi yake haina ila yo yote. Mwisho wake rangi yote huondolewa kwa msasa, kazi ya siku mbili huanzwa upya, na gharama humwangukia fundi. Aghalabu mkosaji wa kweli hakutajwa hata mara moja, kwa maana haonekani kwa macho. Mkosaji ni hewa iliyopita katika bomba.

Hewa iliyoshindiliwa kwa kompresa hutumika leo katika kazi nyingi mno. Hujaza magurudumu, huzungusha spana za kufungulia nati, hufungua na kufunga vali za viwandani, na humsaidia daktari wa meno katika kazi yake. Katika vinu vya kahawa ziko mashine za kuchambua buni kwa rangi. Punje huanguka mbele ya jicho la umeme, na jicho likiona punje nyeusi au iliyoharibika, kivali kidogo hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na pumzi moja ya hewa huitupa punje ile kando. Lakini hewa ikiwa na maji au mafuta, kivali hunata na kuchelewa. Punje mbaya hupita, na punje njema hutupwa badala yake. Hasara hiyo si ya mwenye kinu peke yake, bali ni ya mkulima pia, ambaye alipalilia na kuchuma mwaka mzima.

Kwa hiyo shauri la machujio ya hewa si la mafundi wakubwa tu. Lamhusu kila mtu mwenye kompresa, na kila mtu apelekaye mali yake mahali penye kompresa. Wengi huenda dukani na kuuliza, "Chujio lililo bora ni lipi?" Swali hilo halina jawabu. Mpishi hachuji tui kwa chekeche la mtama, wala hachekechi mtama kwa kifumbu; hutazama kwanza kile apikacho. Vivyo hivyo yampasa mwenye kompresa aanze na kazi itakayofanywa na hewa, ndipo achague chujio.

ADUI WATATU

Kabla ya kuchagua silaha sharti kumjua adui. Katika hewa iliyoshindiliwa adui ni watatu: vumbi, maji na mafuta.

Vumbi laingia pamoja na hewa ya nje. Kompresa ishindiliapo hewa kufikia bar 7, yaani karibu ratili 100 kwa kila inchi mraba kama geji nyingi zionyeshavyo, hutwaa mita 8 za ujazo wa hewa na kuzitia mahali pa mita 1. Hewa hubanwa, lakini vumbi halipungui; basi mita moja iliyo ndani ya tangi imebeba vumbi la mita nane. Juu ya hayo huongezeka kutu ya tangi na ya mabomba yenyewe.

Maji ndiyo adui ambaye watu humdharau kuliko wote, kwa sababu huingia hali ni mvuke usioonekana. Hesabu ifuatayo yaonyesha wingi wake. Tuseme kompresa iko Mombasa, siku yenye joto la nyuzi 30 za sentigredi na unyevu wa asilimia 70. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina karibu gramu 21 za maji. Kompresa ikivuta mita 5 kwa dakika, katika saa 8 za kazi itavuta mita 2,400, nazo zimebeba kilo 50 za maji. Baada ya kushindiliwa na kupoa hata nyuzi 30, hewa hiyo imekuwa mita 300 tu, na haiwezi kubeba mvuke zaidi ya kilo 9. Kilo 41 zilizobaki hugeuka kuwa maji ndani ya tangi na mabomba. Ni zaidi ya madebe mawili kwa siku moja. Mtu asiyefungua koki ya tangi kila siku na ajiulize maji hayo yamekwenda wapi.

Mafuta, adui wa tatu, hutoka katika kompresa yenyewe, kwa kuwa nyingi hulainishwa kwa mafuta ndani ya chumba kile kile cha kushindilia hewa. Hutoka kwa namna tatu: matone, ukungu wa matone madogo sana, na mvuke. Yafaa namna hizi tatu zikumbukwe, maana chujio liwezalo kushika moja haliwezi kushika nyingine. Ziko kompresa zisizotia mafuta katika hewa, nazo ni njema; lakini zikiwekwa karibu na malori yanayonguruma, zitavuta moshi na mvuke wa mafuta kutoka nje. Chujio la kwanza kabisa, tena lisilo na bei, ni kuweka mdomo wa kompresa mahali palipo baridi na safi, mbali na moshi, vumbi na mitungi ya rangi.

KILA CHUJIO NA KAZI YAKE

Machujio ni ya namna nyingi, lakini yote yaweza kugawanywa katika makundi manne.

La kwanza ni kitenga maji. Ndani yake hewa huzungushwa kwa kasi kama maji yazungukavyo shimoni, na matone mazito hurushwa ukutani, yakateremka chini ya bakuli na kutoka. Kifaa hiki huondoa maji mengi kwa gharama ndogo, lakini hakiwezi kushika ukungu.

La pili ni chujio la vumbi. Wepesi wake hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chujio la mikroni 40 lafaa kwa zana nyingi za karakana. La mikroni 5 lafaa kwa vali na mashine zilizo nyepesi zaidi.

La tatu ni chujio la kukusanya matone. Hili limetengenezwa kwa nyuzi nyembamba mno za kioo, zilizosongamana kama kichaka. Watu hudhani kwamba hufanya kazi kama chekeche, yaani kitu kikubwa huzuiwa na kidogo hupita. Sivyo. Matone makubwa hushindwa kukata kona pamoja na hewa, yakajigonga katika nyuzi. Matone ya kadiri hupita kando ya uzi yakagusa na kunata. Nayo madogo kabisa hutangatanga huku na huku hata yakagusa uzi. Yaliyo magumu kushika ni yale ya katikati, ya mikroni 0.1 hata 0.3. Matone yaliyonata huungana, yakawa makubwa, yakadondoka chini. Katika chujio hili hewa hutoka ndani kwenda nje, hali katika chujio la vumbi kavu hutoka nje kuingia ndani. Mtu akilifunga kinyume atakuwa amepoteza fedha zake. Kwa hiyo na autazame mshale uliochorwa juu ya kifuniko.

La nne ni chujio la mkaa. Mkaa huu si wa jikoni. Umetengenezwa hasa uwe na vitundu vingi visivyohesabika, navyo hunyonya mvuke wa mafuta na harufu. Lakini matone ya mafuta yakifika humo, vitundu huziba na mkaa hufa upesi. Kwa sababu hiyo haliwekwi kamwe bila chujio la kukusanya matone mbele yake.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hakuna hata moja katika manne haya liondoalo mvuke wa maji. Huo hauchujiki. Huondolewa kwa mtambo wa kukaushia hewa, ama ule uipozao hewa kama friji, ama ule wenye dawa ya kunyonya unyevu. Muuzaji asemaye kwamba chujio lake peke yake litakausha hewa hasemi kweli.

KUANZA NA KAZI

Ili watu wa nchi zote waelewane, Shirika la Kimataifa la Viwango, liitwalo ISO, limeweka vipimo vya usafi wa hewa iliyoshindiliwa. Kanuni yake ni ISO 8573-1, na toleo lake la tatu lilitolewa mwaka 2010. Usafi huandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na ya tatu ni ya mafuta. Kadiri tarakimu ilivyo ndogo, ndivyo hewa ilivyo safi.

Katika daraja la 1 la vumbi, mita moja ya ujazo haitakiwi kuwa na chembe zaidi ya 10 zenye ukubwa wa mikroni 1 hata 5. Katika daraja la 2 ni 100, katika la 3 ni 1,000, katika la 4 ni 10,000, na katika la 5 ni 100,000. Tena viko vipimo vingine vya chembe ndogo zaidi. Kwa mafuta, daraja la 1 laruhusu miligramu 0.01 katika mita moja, la 2 miligramu 0.1, la 3 miligramu 1, na la 4 miligramu 5. Kwa maji hupimwa joto ambalo umande huanza kutokea ndani ya bomba: daraja la 4 ni nyuzi 3, ambalo hupatikana kwa mtambo wa kupoza, na daraja la 2 ni nyuzi 40 chini ya sufuri, ambalo huhitaji dawa ya kunyonya unyevu.

Kwa hiyo mtu akisoma katika kitabu cha mashine yake kwamba yataka hewa ya 2.4.2, atajua kwamba ahitaji vumbi la daraja la 2, maji ya daraja la 4, na mafuta ya daraja la 2. Tarakimu hizo ndizo za kupeleka dukani. Muuzaji mwaminifu atamwonyesha machujio yapi, kwa mpango upi, yatafikisha hewa katika daraja hizo. Tena yapasa kuuliza kama chujio limepimwa kwa kanuni za ISO 12500, ambazo hueleza namna ya kulijaribu chujio. Maneno matupu kama "safi kabisa" si kipimo.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kupita kiasi. Mtu mwenye kujaza magurudumu na kuzungusha spana hana haja ya hewa ya daraja la 1. Kitenga maji na chujio la vumbi vyamtosha, kisha zana zenyewe hutiwa mafuta kidogo makusudi ili zisilike. Fundi wa rangi, kwa upande wake, ahitaji chujio la kukusanya matone, na hewa kavu. Mwenye kufunga chakula au dawa, ambaye hewa yake hugusa vitu viendavyo vinywani mwa watu, ahitaji zaidi ya hayo, na chujio la mkaa pia. Karakana moja yaweza kuwa na kazi zote mbili, nyepesi na nzito. Hapo si lazima hewa yote isafishwe kwa daraja la juu. Hewa yote husafishwa kwa kadiri ya wastani karibu na kompresa, na machujio mepesi huwekwa katika tawi lile tu la bomba lenye haja nayo.

MPANGO WA MACHUJIO

Tuseme mwenye kinu cha buni ameambiwa kwamba mashine yake yaharibika kwa sababu ya hewa chafu. Kwa hofu ya hasara anunua chujio moja la bei kubwa, lililo jembamba kupita yote, na kulifunga mara baada ya kompresa. Baada ya majuma machache hewa haipiti. Chujio limejaa maji, kutu na mafuta mazito. Alilaani chujio, na kumbe chujio halikuwa na kosa. Lilitwikwa mzigo wa wengine wanne.

Mpango ulio mwema ni huu. Baada ya kompresa huja kipozeo, kisha kitenga maji, kisha tangi. Baada ya tangi huwekwa chujio la kukusanya matone la kadiri, kisha mtambo wa kukaushia, kisha chujio la kukusanya matone lililo jembamba zaidi. Chujio la mkaa, kama lahitajika, huwa la mwisho. Ikiwa mtambo wa kukaushia ni wa dawa, chujio jembamba huwa mbele yake ili mafuta yasiiharibu dawa, na nyuma yake huwekwa chujio la vumbi la kushika unga wa dawa hiyo. Kila moja humlinda mwenzake. Lililo zito hushika mizigo mikubwa, na lililo jepesi hubakiwa na kazi yake halisi.

Joto nalo ni jambo kubwa. Hewa ikiwa moto, mafuta mengi huwa mvuke na kupita katika chujio la matone kana kwamba halipo, kisha hupoa mbele na kuwa matone tena. Ndiyo sababu vipimo vya machujio mara nyingi hutolewa kwa hewa yenye nyuzi 20 au 21. Chujio lililofungwa kwenye bomba linalochoma mkono haliwezi kutimiza ahadi yake.

UKUBWA WA CHUJIO

Kosa jingine ni kuchagua chujio kwa kutazama unene wa bomba tu. Chujio huchaguliwa kwa wingi wa hewa ipitayo kwa dakika, na kwa msukumo mdogo kabisa utakaotokea kazini. Karatasi nyingi za watengenezaji huandika kadiri kwa msukumo wa bar 7. Lakini hewa ile ile ikiwa na msukumo wa bar 3 tu, huchukua nafasi maradufu na kupita kwa kasi maradufu. Kasi hiyo huyapeperusha matone yaliyokwisha shikwa na kuyarudisha katika bomba. Kwa hesabu ya kukadiria, chujio la mita 6 kwa dakika katika bar 7 ni la mita 3 tu katika bar 3. Kila mtengenezaji ana jedwali lake la kusahihisha kadiri hiyo, na sharti lifuatwe.

Chujio kubwa kidogo kuliko haja si hasara: hudumu zaidi, na huizuia hewa kidogo. Chujio dogo ni rahisi siku ya kununuliwa tu.

GHARAMA ISIYOONEKANA

Kila chujio huizuia hewa, na kuzuia huko hulipwa kwa umeme. Desturi ya mafundi ni kuipandisha kompresa msukumo pindi hewa ya mwisho inapokuwa hafifu. Lakini kwa mitambo ya bar 7 hivi, kila bar 1 iongezwayo huongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 7 takriban. Tuseme mota ni ya kilowati 37 na hufanya kazi saa 4,000 kwa mwaka: hutumia yuniti 148,000. Ikiwa machujio machafu yamelazimisha kuongeza nusu bar, zaidi ya yuniti 5,000 zitalipwa kila mwaka bila ya faida yo yote. Yafaa mwenye karakana alinganishe ankara hiyo na bei ya kiini kipya, yaani ile sehemu ya ndani inayochuja.

Basi kiini kibadilishwe lini? Machujio mengi yana geji ionyeshayo tofauti ya msukumo kabla na baada ya chujio. Tofauti ikifika karibu bar 0.35, ni wakati wa kubadilisha. Na hata isipofika, watengenezaji wengi hushauri kwamba chujio la kukusanya matone libadilishwe kila mwaka. Lakini geji isiaminiwe peke yake. Sindano ikishuka ghafula pasipo mtu kugusa chujio, si dalili ya afya. Yamkini kiini kimepasuka na hewa yapita ovyo. Nalo chujio la mkaa halionyeshi neno katika geji. Likishiba mvuke, hewa hupita kama kawaida na mafuta hupita pamoja nayo. Hilo hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tarehe ya kila kiini na iandikwe katika daftari, na juu ya chujio lenyewe.

Maji yatokayo katika machujio yana mafuta ndani yake, na hayafai kumwagwa mtoni wala mferejini. Hutengwa mafuta kwanza.

HATARI MBILI ZA MAISHA

Hata hapa yametajwa mambo ya hasara ya mali. Yako mawili yahusuyo maisha.

La kwanza ni bakuli la plastiki lililo chini ya machujio madogo. Mengi hutengenezwa kwa polikaboneti, nayo ni plastiki imara, lakini petroli, thina na baadhi ya mafuta ya kompresa huidhoofisha. Kijana wa karakana akilisafisha kwa thina, laweza kupata nyufa ndogo, na siku moja likapasuka kwa nguvu zote za hewa iliyomo. Bakuli husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu, na hufungwa pamoja na kinga yake ya chuma. Mahali penye mvuke wa thina lafaa bakuli la chuma. Tena mtu asifungue chujio lo lote kabla ya kufunga hewa na kuitoa yote iliyobaki.

La pili ni kubwa zaidi. Mafundi wapulizao rangi zenye aisosaineti, na wale wasafishao chuma kwa kupuliza mchanga, huvaa kofia au barakoa iletewayo hewa kwa bomba. Wengine huunganisha bomba hilo na kompresa ya karakana kwa kuwa limewekwa chujio la mkaa, wakidhani kwamba hewa isiyo na harufu ni salama. Hilo ni kosa liwezalo kuua. Kompresa iliyopata moto kupita kiasi, au iliyovuta moshi wa gari, huleta gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo gesi ile ile iuayo watu wanaolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Chujio la matone haliishiki, wala chujio la mkaa haliishiki.

Hewa ya kuvuta pumzi ina kanuni yake peke yake. Kanuni ya Ulaya EN 12021 ya mwaka 2014 hairuhusu zaidi ya sehemu 5 za kaboni monoksidi katika sehemu milioni moja za hewa, wala mafuta zaidi ya miligramu 0.5 katika mita ya ujazo. Kuifikia kwahitaji mtambo maalum wenye dawa ya kuigeuza gesi hiyo, pamoja na kipima gesi chenye kupiga kelele hatari inapotokea, na hewa kupimwa mara kwa mara. Mwajiri asiyekuwa na vitu hivyo asimpe mfanyakazi wake bomba la karakana avute pumzi. Wala mfanyakazi asione haya kuuliza hewa yake imepimwa lini.

MASWALI YA KWENDA NAYO DUKANI

Kwa kumalizia, haya ndiyo yafaayo kuandikwa katika karatasi kabla ya kununua chujio:

1. Hewa itafanya kazi gani, na je, itagusa chakula, dawa, rangi au pumzi ya mtu?
2. Kitabu cha mashine chataka daraja gani la vumbi, la maji na la mafuta?
3. Hewa ipitayo ni mita ngapi kwa dakika, na msukumo mdogo kabisa ni bar ngapi?
4. Joto la hewa ni nyuzi ngapi mahali chujio litakapofungwa?
5. Kuna kitu gani mbele ya chujio hilo cha kulilinda, na maji yatatokea wapi?
6. Kiini ni bei gani, chapatikana humu nchini, na hubadilishwa baada ya saa ngapi?

Mtu aliye na majawabu ya maswali haya sita hatadanganywa kwa urahisi, wala hatanunua asichohitaji. Asiye na fedha za kununua yote mara moja na aanze na yale yasiyo na gharama: kuhamisha mdomo wa kompresa mbali na moshi, na kufungua koki ya tangi kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Madebe mawili ya maji yakitolewa kila siku kwa mkono, hayatamfikia mwenye gari mlangoni, wala mkulima kinuni.